Kupima punje za kopolima-bloku kwa nuru iliyopolarishwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yeyote anayetaka kupanga leza, polaraiza mbili (vichujio vinavyopitisha nuru inayotikisika upande mmoja tu) na tanuri dogo mezani, kisha ajue punje za kopolima-bloku yake zina ukubwa gani na zinakuaje. Mifano mingi ni ya polistairini iliyoungwa na poliisoprini. Polima hiyo ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya kazi wakati kundi la Nitash Balsara na Bruce Garetz, katika Polytechnic University ya Brooklyn, lilipokuwa linaiendeleza njia hii miaka ya 1990.

Punje ni nini hasa?

Mnyororo wa kopolima-bloku una vipande viwili au zaidi vya polima zisizopatana. Zinataka kutengana kama mafuta na maji, lakini zimefungwa pamoja kwa kiungo cha kikemia, kwa hiyo haziwezi kwenda mbali. Matokeo yake ni mpangilio wa vijisehemu vidogo mno. Vipande vikiwa na ujazo uliokaribiana, hupatikana matabaka. Kimoja kikipungua hupatikana silinda. Kikipungua zaidi hupatikana tufe. Kutoka tabaka moja hadi linalofuata la aina hiyohiyo mara nyingi ni nanomita 10 hadi 50.

Matabaka hayo hayaelekei upande mmoja katika kipande kizima. Fikiria vitabu vilivyomwagwa ndani ya sanduku: ndani ya kila kitabu kurasa zimelala sambamba, ila vitabu vyenyewe vinaelekea kila upande. Kitabu kimoja ndiyo punje moja. Katika polima iliyopoa yenyewe bila kuvutwa wala kukandwa, punje huwa na upana wa sehemu ya mikromita hadi mikromita kadhaa.

Kwa nini nijisumbue na punje? Si upana wa matabaka unatosha?

Hautoshi. Sampuli mbili zenye matabaka ya upana uleule zinaweza kutofautiana kwa ugumu, kwa namna zinavyotiririka zikiwa moto, na kwa jinsi zinavyopitisha ayoni. Katika elektroliti za betri zilizotengenezwa kwa polistairini, poli(ethilini oksaidi) na chumvi ya lithiamu, kundi la Balsara, ambaye baadaye alihamia Berkeley, California, lilionyesha kwamba punje zikikua, upitishaji wa ayoni unashuka. Aliyetarajia kuwa mpangilio mzuri zaidi utapitisha vizuri zaidi atashangaa. Ndiyo maana kuandika tu kwamba sampuli ilikalishwa kwenye joto kwa saa kadhaa, bila kusema punje zilifikia ukubwa gani, ni taarifa nusu.

Nuru ina urefu wa wimbi wa nanomita 633. Itaonaje tabaka la nanomita 20?

Haioni tabaka, na hapo ndipo nguvu ya njia hii ilipo. Kwa kuwa matabaka ni membamba mno kuliko wimbi, nuru huiona punje nzima kama fuwele moja laini. Polistairini ina faharisi ya mpindo wa nuru (kipimo cha jinsi dutu inavyoipunguzia nuru kasi) ya takriban 1.59 na poliisoprini 1.52. Wimbi linalotikisika sambamba na matabaka na lile linalotikisika kuyakata husafiri kwa kasi mbili tofauti kidogo. Tofauti hiyo tuiite mpindo maradufu, kwa alama Δn.

Kwa matabaka ya nusu kwa nusu unaweza kuikokotoa kwa kalamu. Sambamba na matabaka, chukua wastani wa miraba ya faharisi hizo mbili: 2.528 na 2.310 zinatoa 2.419, na kipeuo chake ni 1.5554. Kwa kuyakata matabaka, chukua wastani wa kinyume cha miraba hiyo, ugeuze tena: unapata 1.5538. Δn ni takriban −0.0016. Ni ndogo, lakini polaraiza mbili zilizokingamana, yaani moja ikiwa nyuzi 90 kutoka kwa nyingine, zinaiona bila taabu, kwa sababu kila kitu kisicho na mwelekeo kinabaki giza.

Kwa silinda za polistairini zenye robo ya ujazo, hesabu ya namna hiyo inatoa takriban +0.0006. Nishati inayovuja inafuata mraba wa Δn, hivyo kwa punje za ukubwa uleule silinda zitakupa ishara ya karibu sehemu moja ya saba ya ile ya matabaka. Jipange mapema.

Na tufe?

Tufe zilizopangika kimchemraba hazina mpindo maradufu, na jairoidi, yaani mpangilio wa mitandao iliyosukana pande zote tatu, vilevile. Njia hii haitakuambia lolote juu ya punje zake. Ukiona mwanga katika sampuli ya tufe, shuku msongo ndani ya vioo, au shuku kwamba mofolojia, yaani umbo la vijisehemu, siyo uliyodhani.

Nahitaji vifaa gani?

Leza ya heli-neoni ya nanomita 632.8, milliwati 5 hadi 10, yenye polarisho la mstari kutoka kiwandani. Usichukue isiyo na polarisho maalumu ukitegemea polaraiza iliyo mbele yake kuisahihisha: nguvu inayotoka itapanda na kushuka kadiri bomba linavyopata joto, nawe utadhani punje zinapumua. Iache iwake nusu saa kabla ya kipimo cha kwanza. Nguvu hii inaumiza jicho. Ondoa pete na saa, na funga njia ya mwale kwa kizuizi cheusi kila unapobadilisha sampuli.

Polaraiza ya kwanza iwe prizimu ya Glan–Thompson, ambayo huvujisha sehemu moja katika laki moja au chini ya hapo. Ya pili, yaani analaiza, iwe ya karatasi nzuri inayovujisha sehemu moja katika elfu kumi. Wengi hutaka prizimu pande zote mbili. Prizimu hupokea miale ya pembe finyu tu, na mwanga uliotawanywa na punje ndogo huja kwa pembe pana. Ungekuwa unakata ishara yenyewe unayoitafuta.

Sampuli hukaa ndani ya bloku ya shaba au alumini yenye vipasha-joto, tundu mbele na nyuma, na udhibiti wa halijoto usioyumba zaidi ya nyuzi 0.1 za Selsiasi. Nyuma ya analaiza unahitaji ama lenzi pana na fotodaiodi, ama skrini nyeupe na kamera ya biti 12 au zaidi. Ni bora uwe na vyote viwili, kwa sababu vinapima mambo mawili tofauti ambayo lazima yaje kukubaliana.

Sampuli inaandaliwaje?

Unene wa milimita 0.5 hadi 1 unafaa kwa matabaka. Kata kitenganishi cha Teflon chenye tundu la milimita 10 na ukiweke kati ya vioo viwili vya kwatzi vilivyotulizwa msongo. Polima iwe na kizuia-oksidisho, kwa kawaida BHT ya asilimia 0.5 hadi 1 ya uzito, la sivyo poliisoprini itageuka njano na kuungana mnyororo kwa mnyororo, kisha haitayeyuka tena.

Ipashe ndani ya ombwe hadi juu ya halijoto ya mvurugo, yaani ile ambayo juu yake mpangilio wote huyeyuka na vipande huchanganyika. Iache hapo hadi mapovu yaishe. Kwa vitendo, saa kadhaa ni bora kuliko dakika kadhaa. Povu moja linalokatiza mwale hutawanya mwanga kuliko punje zote. Kisha bana vioo pole pole. Kubana kwa nguvu polima ikiwa chini ya halijoto hiyo hulaza matabaka sambamba na vioo, na hapo dhana nzima kwamba punje zinaelekea kila upande inavunjika.

Chagua mnyororo mfupi kiasi, wa gramu elfu kumi na kitu hadi elfu ishirini na kitu kwa moli, ili halijoto ya mvurugo iwe pale unapoweza kufika bila kuiunguza polima. Mnyororo mrefu hautayeyusha mpangilio wake kabla ya kuoza.

Nitajuaje kama punje hazijalazwa upande mmoja?

Zungusha sampuli taratibu kati ya polaraiza zilizokingamana huku ukisoma fotodaiodi. Punje zikiwa huria, ishara inabaki palepale. Ikipanda na kushuka mara nne katika mzunguko mmoja, una mlalo. Rudisha sampuli juu ya halijoto ya mvurugo uanze upya. Hakuna hesabu itakayoiokoa.

Napima nini hasa, na ukubwa wa punje unatokaje?

Soma nguvu mbili: analaiza ikiwa imekingama na polaraiza, kisha ikiwa sambamba nayo. Gawanya ya kwanza kwa jumla ya zote mbili. Uwiano huo tuuite P. Kugawanya kwa jumla kunaondoa kwa mkupuo mmoja kuyumba kwa leza, uakisi wa vioo na ufyonzaji.

Punje zikiwa nyingi, zinaelekea huria, na kila moja ikichelewesha nuru kidogo tu, basi:

P ≈ (4/15) × (πΔn/λ)² × L × l

L ni unene wa sampuli, λ urefu wa wimbi, na l ni urefu wa wastani wa punje kwenye njia ya mwale. Namba 4/15 si ya majaribio. Nusu moja inatoka kwenye wastani wa punje zinazozunguka mhimili wa mwale, na 8/15 inatoka kwenye wastani wa punje zinazoinama kuelekea mwale. Angalia pia kwamba l huingia mara moja tu: punje kubwa huchelewesha zaidi, kwa mraba, lakini zinakuwa chache zaidi katika unene uleule.

Mfano: Δn 0.00157, λ mikromita 0.6328, L milimita 1, l mikromita 3. Mabano ya katikati ni 0.0000607 kwa mikromita mraba. Zidisha kwa 3000, kisha kwa 4/15: P ni 0.049. Karibu asilimia 5 ya mwanga inavuka polaraiza zilizokingamana, na hiyo unaiona hata kwa jicho kwenye karatasi nyeupe.

Kumbuka kwamba l hii inazipa uzito punje kubwa. Ni wastani wa mraba wa urefu uliogawanywa kwa wastani wa urefu. Usiilinganishe moja kwa moja na hesabu ya punje moja moja kwenye picha ya hadubini ya elektroni, ukashangaa namba zikitofautiana.

P yangu imevuka 0.1. Bado naweza kutumia mlinganyo huo?

Kwa tahadhari. Mwanga uliokwisha kugeuzwa na punje za mbele unaanza kugeuzwa tena na za nyuma, na P haiwezi kupanda daima. Ukomo wake ni 0.5. Ikiwa ucheleweshaji wa punje moja haufungamani na wa nyingine, rekebisho ni rahisi: weka −½ ln(1 − 2P) mahali pa P. Kwa punje za mikromita 10 katika mfano uliopita, mlinganyo wa kawaida ungetabiri 0.162, ilhali fotodaiodi itasoma takriban 0.138. P ikifika 0.3 rekebisho lenyewe linakuwa tete. Tumia sampuli nyembamba zaidi.

Sehemu ya giza, P ya mwanzo, naitoaje?

Hapa ndipo vipimo vingi huharibika, na ndipo tunapoomba msomaji atulie. Pasha sampuli juu ya halijoto ya mvurugo, subiri itulie, pima P. Hiyo ndiyo sifuri yako: inabeba uvujaji wa polaraiza, msongo wa vioo na vumbi. Itoe kwenye kila kipimo kinachofuata. Ikiwa ni 0.0001 uko vizuri. Ikiwa ni 0.002, vioo vyako vina msongo au vimebanwa na skrubu zilizokazwa kupita kiasi. Legeza skrubu kwa robo mzunguko uone kama inashuka.

Usitumie sifuri iliyopimwa kwa vioo vitupu vikiwa baridi. Msongo wa vioo hubadilika na joto, na punje za mikromita 0.3 katika unene wa milimita 1 zinatoa P ya 0.005 tu. Kosa la 0.002 kwenye sifuri linakula karibu nusu ya jibu lako.

Lenzi ya kukusanya iwe ya ukubwa gani?

Kipenyo cha milimita 50 umbali wa milimita 50 kutoka kwenye sampuli kinakusanya hadi nyuzi 26 hivi kila upande, na hicho kinatosha. Lenzi ndogo inapoteza mwanga wa punje ndogo, ambao ndio unaokwenda pembeni zaidi, na unaishia kuripoti kwamba punje zilianza ndogo kuliko zilivyokuwa.

Kamera inaongeza nini ambacho fotodaiodi haina?

Inakupa upana wa punje bila kuhitaji Δn. Ruwaza ya mwanga kwenye skrini ni doa lenye ukali mkubwa katikati na kufifia kuelekea pembeni. Punje zikikua, doa linasinyaa. Kama uhusiano wa mwelekeo ndani ya sampuli unapungua kwa umbali r kama exp(−r²/w²), ukali wa ruwaza unapungua kama exp(−q²w²/4), ambapo kwa pembe ndogo q ni 2π/λ mara pembe ya nje kwa radiani. Chora logi ya ukali dhidi ya q², chukua mteremko, zidisha kwa 4, toa kipeuo: hiyo ni w.

Kwa w ya mikromita 3, ukali hushuka hadi 1/e kwenye nyuzi 3.9, sawa na milimita 13 hivi kutoka katikati kwenye skrini iliyo sentimita 20. Kwa w ya mikromita 10 ni milimita 4, na hapo mwale wa katikati unaanza kuifunika ruwaza. Sogeza skrini mbali. Kwa mikromita 1 ni nyuzi 11.6, milimita 41.

Pima umbali wa skrini kwa wavu wa mistari 100 kwa milimita badala ya rula. Doa la kwanza la wavu huo huangukia nyuzi 3.63. Kwa sentimita 20 liwe milimita 12.7 kutoka katikati.

Picha ina madoadoa kama mchanga. Kamera ni mbovu?

Hapana, ni nuru ya leza kuingiliana yenyewe. Chukua wastani wa duara zima kwa kila pembe, na ukiweza sogeza sampuli nusu milimita kati ya picha na ujumlishe 10 au 20. Toa picha ya giza, na hakikisha hakuna pikseli iliyojaa. Katikati ikijaa, mteremko unadanganya kuelekea punje ndogo.

Ruwaza yangu ina mikono minne kama msalaba. Je, ni sferuliti?

Angalia katikati. Sferuliti za polima ya fuwele, yaani vishada vya fuwele vinavyokua kutoka kitovu kimoja kwenda pande zote, ambazo Richard Stein na wenzake walizifafanua kwa njia hii mwanzoni mwa miaka ya 1960, hutoa majani manne yenye giza katikati. Kopolima-bloku hutoa mwanga mkali katikati, na mikono minne ikiwapo hutokea pembeni. Maana yake ni kwamba umbo la punje limefungamana na mwelekeo wa matabaka: punje imerefuka, ama kwenye mhimili unaoyakata matabaka ama sambamba nayo. Ruwaza ya duara inasema ufungamano huo haupo.

Ninafuatilia vipi punje zinavyozaliwa na kukua?

Shusha halijoto ghafla kutoka juu ya halijoto ya mvurugo hadi nyuzi chache chini yake, kisha rekodi P na ruwaza kwa pamoja kwa saa kadhaa. Mwanzoni sampuli ina punje chache zikielea ndani ya polima iliyovurugika. P inategemea vitu viwili kwa pamoja: sehemu ya ujazo iliyokwisha kupangika na upana wa punje. Ruwaza inakupa w peke yake. Gawanya mabadiliko ya P kwa w, na kilichobaki ni sehemu iliyopangika. Fotodaiodi peke yake haiwezi kutenganisha punje nyingi ndogo na punje chache kubwa.

Sehemu iliyopangika kwa kawaida hufuata umbo la 1 − exp(−Ktⁿ), mlinganyo wa Avrami, ambapo t ni muda na K na n ni namba zinazopatikana kwa kulinganisha na vipimo. Baada ya hapo P huendelea kupanda taratibu mno. Punje zimegusana na sasa kubwa zinameza ndogo.

Nishushe kwa nyuzi ngapi?

Ukishusha kidogo mno, msukumo wa kupangika ni hafifu, mbegu (vianzio vya punje) ni chache, unasubiri muda mrefu na punje zinatoka kubwa. Ukishusha sana, mbegu zinazaliwa kila mahali na punje zinabaki ndogo. Halijoto yenyewe ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, polistairini inakakamaa na kila kitu kinasimama. Anza na nyuzi 5 chini, kisha jaribu 10 na 15 kwa sampuli ileile, ukirudi juu kila mara.

Halijoto ya mvurugo yenyewe naipata kwa kifaa hiki?

Ndiyo, na ni mojawapo ya vipimo safi kabisa unavyoweza kufanya. Panda kwa hatua ya nyuzi 1, subiri ishara itulie, songa. P itaporomoka hadi kwenye sifuri ndani ya nyuzi chache. Pima ukipanda, usipime ukishuka: ukishuka, polima hukawia kupangika hata ikiwa imepita mstari.

Δn nimeikokotoa kwa vitabu. Inatosha?

Kwa makadirio, ndiyo. Karibu na halijoto ya mvurugo mipaka kati ya matabaka hufifia na Δn halisi huwa chini ya ile ya kalamu. Minyororo iliyonyooshwa nayo huongeza au kupunguza kidogo. Ukitaka uhakika, laza matabaka ya sampuli moja kwa kuikanda mbele na nyuma ikiwa na joto, elekeza mwale ndani ya tabaka, weka mhimili wa sampuli nyuzi 45 kutoka kwa polaraiza, na tumia P = sin²(πΔnL/λ). Tumia L ya milimita 0.1, ambako P itakuwa karibu 0.49. Kwa milimita 1 sinasi imeshazunguka zaidi ya mara moja na P ileile inajibu Δn kadhaa.

l ya fotodaiodi na w ya kamera hazilingani. Ipi ni kweli?

Kwanza, hazitakiwi kuwa sawa. Kwa mfano ule wa exp(−r²/w²), l ni w mara kipeuo cha π, yaani 1.77w. Mikromita 3 za kamera ni 5.3 za fotodaiodi. Zikitofautiana zaidi ya robo baada ya hapo, kagua kwa mpangilio huu: sifuri, pembe ya lenzi, umbali wa skrini, halafu Δn. Δn huingia kwa mraba, kwa hiyo kosa la asilimia 10 ndani yake ni kosa la asilimia 20 kwenye l, wakati w haiguswi kabisa. Tofauti ikibaki na mengine yote ni sawa, iamini w, kisha itumie kurudi kinyumenyume na kupata Δn ya kweli ya sampuli yako.

Naweza kupima utando wa nanomita 100 kwa njia hii?

Hapana. Katika unene huo nuru haicheleweshwi vya kutosha kupita juu ya uvujaji wa polaraiza. Tumia hadubini ya nguvu za atomi.